Kulwa, Doto na miezi saba

Mimi ni Doto. Kwa mtu aliyekulia Tabora, jina hilo tayari limeshasema kuna Kulwa aliyenitangulia. Tulizaliwa katikati ya miaka ya 80, miezi saba na siku kadhaa kwa hesabu ya mama, naye alihesabu kwa mwezi wa angani na msimu wa karanga, maana kipimo kingine hakikuwepo. Kulwa alikuwa na kilo 1.7. Mimi kilo 1.2. Namba hizo zipo kwenye kadi zetu za kliniki, ambazo mama kazihifadhi bahasha moja na hati ya kiwanja.

Wodini hapakuwa na inkubeta inayofanya kazi. Tulizungushiwa pamba, tukavishwa kofia za sufu, tukalazwa ndani ya boksi lililopangwa chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vitenge. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyebadilisha chupa hizo usiku kucha. Maziwa yalikamuliwa kikombeni tukanyweshwa kwa kijiko. Kulwa alishika ziwa mapema. Mimi nilikuwa nasahau kupumua. Manesi ndivyo wanavyosema, na hawako mbali na ukweli: kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi inakuwa haijakomaa, basi mtoto anatulia tuli, midomo inabadilika rangi, mpaka aguswe ndipo anavuta tena hewa. Nesi mmoja alimfundisha Bibi kunikuna unyayo kwa ukucha. Bibi akawa analala amekaa, kidole chake kikiwa unyayoni mwangu. Hadithi hiyo nimeisikia kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo wetu.

Kuanzia hapo kila nilichofanya kilikuwa na maelezo yake tayari. Wageni wakija nikajifungia chumbani, Bibi anawaambia, "Msimlaumu, huyo alitoka kabla ya siku zake." Nikigoma kuimba mbele ya darasa, kabla ya siku zake. Nikihesabu chenji mara mbilimbili kabla ya kutoka dukani, hivyo hivyo. Kulwa naye alipomjibu mwalimu mkuu mstarini asubuhi, akachapwa na bado akarudi kwenye mstari anacheka, hakuna aliyesema ni kwa sababu alitoka kabla ya siku zake. Walisema amemrithi babu. Na tulizaliwa usiku mmoja, kutoka tumbo moja!

Swali hilo nilikua nalo bila kulijua kuwa ni swali. Leo Kulwa ana duka la vitenge Kariakoo, anapanda ndege kwenda Guangzhou kufuata mzigo, na akishuka huko hajui Kichina ila jioni ameshapata rafiki wa kumwonyesha ghala la bei rahisi. Mimi ni mkaguzi wa ndani wa hesabu. Nikialikwa sherehe, kwanza nauliza nitaondokaje. Ukituweka sebule moja utadhani tumelelewa nchi mbili.

Nadhani ndivyo ilivyokuwa, kwa namna fulani. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mwembe mkubwa, wa embe zile ndogo zenye nyuzi. Kulwa alikuwa juu, mguu mmoja tawi hili na mwingine tawi lile, anatikisa. Mimi nilikuwa chini nimetandaza khanga ya Bibi, nadaka. Nakumbuka harufu ya utomvu, na jinsi nilivyojua kwa kuangalia tu tawi lipi limeoza kwa ndani, nikawa nampigia kelele, "Kulwa, hilo hapana!" Nilikuwa nalijua zaidi tawi ambalo sijawahi kulikanyaga kuliko yeye aliyelikanyaga. Nikijaribu kushika shina nipande, sauti inatoka jikoni: "Doto, kifua hicho!" Kifua chenyewe kilikuwa kimeshapona nikiwa bado sijaanza kusema vizuri. Kilichobaki kilikuwa sweta. Nilivaa sweta Tabora mwezi wa kumi, mwezi ambao hata mbuzi wanagombania kivuli.

Haya yote yangebaki simulizi za nyumbani kama si Kulwa kubeba mimba. Miaka saba iliyopita, akiwa wiki ya 31, chupa ya uzazi ilipasuka akiwa dukani. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanamke aliyezaliwa njiti ana uwezekano mkubwa kidogo wa kujifungua njiti na yeye, jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia. Hospitalini walimchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na kesho yake usiku akazaliwa mvulana wa kilo 1.5. Safari hii hapakuwa na boksi wala chupa za maji ya moto. Mtoto alivuliwa, akaachiwa nepi na kofia, akafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kangaruu.

Kulwa alikuwa na presha juu sana, hakuweza kukaa naye muda wote. Nesi akaniangalia mimi. "Wewe ndiye pacha? Vua blauzi." Sikupewa nafasi ya kufikiri, na mimi ni mtu wa kufikiri. Wakamfunga kifuani kwangu, miguu imekunjwa kama chura, sikio lake kwenye moyo wangu. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilikuwa naangalia chini kila mara kuhakikisha yupo. Mapigo yangu yalikuwa yanakwenda mbio, nesi akacheka: "Tulia dada, anakusikia."

Wodi ile ya kangaruu ni mahali penye mazungumzo kuliko saluni. Wanawake wamekaa vitandani wameegemea mito, mikono haina kazi, basi midomo inafanya kazi. Waliposikia kuwa sisi wote wawili tulizaliwa miezi saba, tulikuwa kama watu waliotoka mwezini. Mmoja alitaka kujua kama tulichelewa kutembea. Mwingine, binti mdogo sana, kila siku alikuwa akitaka kuuliza kitu anasita, hatimaye akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shangazi, hivi wakikua wanakuwa watu wa kawaida?" Kabla sijajibu, Kulwa akaropoka kutoka kitanda cha pili, "Mwangalie huyo halafu niangalie mimi, uchague!" Wodi nzima ikacheka. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini swali la yule binti sikulijibu, na usiku ule nilianza kusoma.

Kuna utafiti uliofanyika Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ambao nimeusoma kuliko andiko lolote lisilohusu kodi. Watafiti waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1985 na 1986, yaani rika langu hasa, mpaka utu uzima. Walipofika miaka 26, watu 200 waliozaliwa kabla ya wiki ya 32 au wakiwa chini ya kilo 1.5 walilinganishwa na 197 waliozaliwa kwa wakati wao. Matokeo yalitolewa 2015, na mmoja wa waandishi wake ni Dieter Wolke wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Waliozaliwa njiti, kwa wastani, walikuwa wakimya zaidi, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, wagumu kujihatarisha, na wenye baadhi ya dalili zinazofanana na za usonji, kama kupata tabu kusoma nia ya mtu mwingine kwenye mazungumzo. Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, na nilihisi kama mtu kanichungulia dirishani.

Finland nao waliwachunguza vijana waliozaliwa na uzito mdogo sana jijini Helsinki. Picha yao ina sura nyingine ya jambo hilo hilo: hawana papara, wanazingatia wajibu, wanaelewana na watu, hawapendi sana mambo mapya. Nilipofika hapo nilitabasamu. Hiyo ni barua ya kumwombea mtu kazi ya ukaguzi wa hesabu.

Nikaendelea. Uchambuzi mmoja wa 2019, uliokusanya tafiti nyingi zenye jumla ya watu zaidi ya milioni 4, ulionyesha kwamba waliozaliwa njiti wana uwezekano pungufu kwa asilimia 28 wa kuwa na mwenza. Mimi niliolewa nikiwa na miaka 36, shangazi zangu wakiwa wameshahamishia maombi yao kwa mtu mwingine. Nilimsomea mume wangu sehemu inayofuata, kwamba wakishapata mwenza uhusiano wao unakuwa mzuri sawa na wa watu wengine, akaniambia, "Hao watafiti wamekuja lini kwetu?"

Lakini mkaguzi akishafurahi lazima arudi kwenye vocha. Na kwenye vocha kuna Kulwa. Kama kuzaliwa miezi saba ndiko kulikonifanya niwe hivi, mbona yeye hayuko hivyo?

Jibu la kwanza ni la hesabu, na ndilo watu wengi wanaliruka. Wastani ni wa kundi. Ukiwapanga wale 200 wa Bavaria na wale 197 kwenye mstari mmoja, kutoka mkimya kabisa mpaka msemaji kabisa, watachanganyika karibu urefu wote wa mstari. Kundi moja limesogea kidogo tu upande mmoja. Njiti wapo wenye midomo kuliko madalali. Na waliotimiza miezi tisa wapo wanaojificha chooni wakati wa kukata keki. Kwa hiyo Kulwa haupingi utafiti, na mimi siuthibitishi.

Jibu la pili ni uzito. Hatukuzaliwa sawa. Gramu 500 kwa watoto wa umri ule ni nyingi mno. Miezi ya mwisho tumboni ndiyo ubongo unapojijenga kwa kasi: hata kwenye wiki ya 34 uzito wake ni kama asilimia 65 tu ya ule wa mtoto aliyetimia. Sasa ubongo unaotakiwa ukue gizani, kwenye maji ya uvuguvugu, ukakulia chini ya taa, sindano na hewa inayokatika, si ajabu ukajifunza mapema kwamba dunia ni ya kuangaliwa kwa makini. Kulwa alipita haraka. Mimi nilikaa.

Na pia sisi si mapacha wa kufanana. Huenda kweli amemrithi babu.

Jibu la tatu ndilo linalonishughulisha zaidi, na watafiti wenyewe wanalitaja wanapoeleza sababu: wazazi wa njiti huwalinda kupita kiasi, na wenzao shuleni huwaonea zaidi. Hapo sikuhitaji kusoma. Shuleni niliitwa Kijiti. Nilikuwa mdogo, miguu myembamba, nimevaa sweta. Kulwa alinipigania mpaka darasa la tano, na hilo nalo lilinipa mazoea: palipo na ugomvi, mimi nasimama nyuma ya mtu. Nyumbani palikuwa na Bibi. Bibi alikuwa ameniona nikiacha kupumua mkononi mwake. Mtu aliyeona hivyo utamwambiaje kwamba sasa mtoto yuko salama, mwache apande mwembe? Kwake mimi sikuwahi kutoka kwenye lile boksi. Kidole kilihama tu kutoka unyayoni kikaja kwenye sweta, kwenye chai ya tangawizi, kwenye "Doto asitumwe mbali". Kulwa alitumwa gengeni, mnadani, stesheni kupokea mizigo ya treni ya Mwanza. Alijifunza kupatana bei akiwa na miaka 8. Mimi katika umri huo nilikuwa najua kupanga sahani kwa ukubwa.

Ukiniuliza nitaweka dau wapi, naweka zaidi kwenye malezi kuliko kwenye wiki za mimba. Siyo kwamba wiki hazina kitu, zina. Ila wiki zilinipa mtoto dhaifu kwa muda, na watu walionizunguka, kwa mapenzi tele, wakalinda udhaifu ule muda mrefu baada ya wenyewe kuondoka. Nasema hivi nikiwa na sababu nyingine. Kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, hospitali ikiwa imefurika na inkubeta hazitoshi. Watoto wa huko walifuatiliwa, na miaka 20 baadaye waliobebwa kifuani walikuwa na utulivu zaidi kuliko waliowekwa kwenye mashine: hasira kidogo, papara kidogo, utoro shuleni kidogo. Na familia zao zilikuwa zimejihusisha zaidi na malezi. Yaani vijana wa wiki zile zile, uzito ule ule, wakatoka tofauti kidogo kwa sababu ya jinsi walivyoshikwa. Kama kushikwa kunaweza kubadilisha kitu katika wiki za mwanzo, sioni kwa nini miaka 15 ya kuzuiwa isibadilishe.

Kuna utafiti mmoja nao uligoma kunitosha hata kidogo. Waingereza waliangalia watu waliozaliwa 1958 na 1970, wakakuta waliozaliwa njiti wana mali pungufu wakifika miaka 42, na mojawapo ya sababu ikawa ni udhaifu kwenye hisabati tangu utotoni. Hisabati! Kitu pekee ambacho shuleni hakuna aliyewahi kunishinda. Nilimpigia Kulwa nikamsomea, akasema mali pungufu kwake ni kweli maana wateja hawalipi madeni.

Hata hivyo sitaki kumfanya Bibi mshtakiwa. Bila kile kidole nisingekuwepo kuandika haya. Na hulka hii niliyonayo, popote ilipotoka, imenilisha. Kwenye kazi yangu mtu anayeona tawi lililooza kabla halijakanyagwa analipwa mshahara. Nimewahi kukaa na stakabadhi za mafuta ya magari mpaka saa nne usiku kwa sababu mwandiko wa tarehe mbili ulifanana, na ulifanana kwa sababu mtu mmoja ndiye aliyeziandika zote. Wenzangu walikuwa wameshasaini. Kulwa angesaini asubuhi akaenda kunywa chai.

Gharama yake ipo. Siombi nyongeza ya mshahara, nasubiri ionekane. Simu nikiona namba ngeni inanidunda kifua. Kazi ninayoifanya Dar es Salaam nisingeipata kama Kulwa asingechukua vyeti vyangu kabatini, akaandika barua ya maombi kwa mwandiko wake mbovu, akaipeleka posta, kisha akanijulisha siku nilipoitwa kwenye usaili. Nilimnunia wiki nzima. Nikaenda. Kwa hiyo hata Kulwa ni sehemu ya malezi yangu, na pengine mimi ni sehemu ya yake: mtu mwenye mlinzi wa kupiga kelele "hilo hapana" chini ya mti anaweza kuthubutu zaidi huko juu. Hilo hakuna utafiti niliousoma unaolipima.

Yule binti wa wodini nilimjibu siku ya kuruhusiwa kwake, tukiwa tunangoja dawa. Nilimwambia kwa mwaka wa kwanza na wa pili amsikilize daktari kuliko jirani, asikose kliniki, macho ya mtoto yapimwe na masikio yapimwe, maana njiti wengine hupata matatizo huko na yakiwahiwa mengi yanatibika au yanasaidika. Nikamwambia daktari akishasema kifua kipo sawa, aamini. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Akaniuliza kama mwanawe atakuwa mpole kama mimi. Nikamwambia anaweza kuwa mpole, na mtoto mpole si mgonjwa, asimpeleke kuombewa. Kitu cha kuangalia ni kama anakaa pembeni kwa sababu anapenda kukaa pembeni au kwa sababu anaogopa watakavyomwona. Mimi ilinichukua miaka mingi kutofautisha hayo mawili ndani yangu mwenyewe. Kusoma kitabu peke yangu chumbani ni raha yangu. Kutokwenda kwenye mahafali ya rafiki yangu ilikuwa hofu. Kwa nje yote mawili yanafanana, mlango umefungwa.

Siku hizi kila mwaka tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, naona picha za watoto waliopona, wamenona, wamevalishwa zambarau. Nafurahi. Inatia moyo kujua kwamba ule utafiti wa kangaruu uliotangazwa 2021, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulionyesha kuwa mtoto akifungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja apate nafuu kwanza, vifo vinapungua kwa robo. Watoto kama mimi watakuwa wengi. Ndiyo maana natamani mtu azungumze nao pia wakishafika miaka 15, miaka 30, wakati hakuna tena anayewapima uzito.

Mpwa wangu ana miaka 7 sasa. Anapiga kelele, anauliza maswali, na anataka mpira wa mchangani kuliko chakula. Na hapa ndipo Kulwa alipotushangaza wote. Yule aliyetikisa mwembe, anayetembea Guangzhou kama anatembea Mchikichini, hataki mwanawe akimbie. Ana kifua, anasema. Daktari kampima, kampima tena, kasema mapafu ni safi. Kulwa anaitikia "sawa daktari", anamrudisha mtoto nyumbani, anamfunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni. Nilimwambia anafanya kile kile alichofanya Bibi. Akawaka.

"Wewe hujazaa njiti, usinifundishe."

"Mimi mwenyewe ni njiti."

"Kwani mimi nilizaliwa na nini? Miezi kumi na miwili?"

Tuligombana vibaya, mama akaingilia kati kwa simu kutoka Tabora, na mwisho wakafikia mwafaka bila mimi: mtoto acheze, ila awe golikipa, kwa kuwa Kulwa anaamini golikipa hakimbii. Kocha wao nimezungumza naye Jumamosi. Anasema mtoto ana mikono mizuri, tatizo lake ni moja tu, hakai golini.